Kuchagua Sakafu ya Mbao Ngumu kwa Nyumba ya Mombasa

Ukiishi Mombasa unaijua habari ya mlango wa mwezi wa Mei. Masika yakikolea, mlango uliokuwa ukifunguka kwa kidole unaanza kugoma. Unausukuma kwa bega, unakwaruza chini, mpaka umwite fundi aje na randa. Ikifika Januari, kaskazi inavuma, mlango ule ule umekonda na mwanga unapenya pembeni. Huo ni mlango wa futi tatu tu. Sasa fikiria sakafu ya futi kumi na tatu kutoka ukuta hadi ukuta, mbao arubaini zimebanana na hazina pa kwenda.

Niliitwa nyumba moja mtaa wa Tudor baada ya masika moja tu tangu sakafu iwekwe. Mwenye nyumba alinipokea mlangoni.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Njoo utazame, sakafu imefura.”

Ilikuwa imefura kweli. Katikati ya sebule mbao zilikuwa zimeachana na simenti na kuinuka kama hema, ukikanyaga zinabonyea na kulia. Nilipong'oa skatingi, ule ubao mwembamba unaozunguka chini ya ukuta, nikaona mbao zimegusa ukuta pande zote nne. Zilikuwa mbao nzuri za oki kutoka Ulaya, bei yake kubwa, hazina fundo wala ufa. Zilikaushwa kwa ajili ya nyumba za kule, ambako wakati wa baridi hewa ya ndani hukauka kwa sababu ya mitambo ya kupasha joto. Hapa zilikutana na hewa ya bahari, zikanywa, zikatanuka, zikakosa nafasi.

Tangu siku hiyo mteja akiniuliza rangi ipi ya mbao itapendeza na makochi yake, namwomba tuanze na unyevu. Rangi tutaifikia. Utaratibu ninaoufuata ni huu.

Hatua ya 1: Jua unachouziwa

Dukani utaonyeshwa vitu vinne vinavyofanana kwa macho. Mkeka wa mbao, ule unaouzwa kwa mita na kukunjwa kama zulia, ni plastiki yenye picha ya mbao. Lamineti ni unga wa mbao ulioshindiliwa, juu yake kuna karatasi yenye picha na ngozi ngumu ya kuikinga. Maji yakiingia kwenye maungio yake, kingo huvimba na hazirudi tena. Vyote viwili vina kazi yake na sivisemi vibaya, ila huwezi kuvipiga msasa na kuvifanya upya, na mtu asikutoze bei ya mbao kwa picha ya mbao.

Mbao za matabaka ni kitu kingine. Juu kuna ngozi ya mbao ngumu halisi, chini yake tabaka za plaiwudi zilizogandishwa kwa kupishana. Kupishana huko ndiko kunakozuia ubao usitanuke sana, kwa hiyo kwa nyumba za Nyali au Kizingo zinazowasha AC mchana na kuizima usiku, nazipendekeza bila wasiwasi. Uliza unene wa ile ngozi ya juu. Chini ya milimita 2 hutaweza kuipiga msasa siku ikichakaa. Milimita 3 na kuendelea, utaweza kuifanya upya mara moja au zaidi.

Ya nne ni mbao nzima, ubao mmoja kutoka juu hadi chini. Ubao wa inchi moja ukishapigwa randa pande zote hubaki milimita 20 hivi. Sakafu ya namna hii ikitunzwa wajukuu wataitumia, na ndiyo nitakayoizungumzia zaidi, kwa sababu ndiyo inayotaka akili nyingi wakati wa kuchagua.

Hatua ya 2: Pima nyumba kabla hujapima mbao

Chukua nailoni safi, kipande cha mita moja kwa mita moja. Kitandaze juu ya simenti, uzibe kingo zote kwa seloteipu pana, uiache usiku na mchana. Ukiifunua ukakuta matone chini yake, au simenti imegeuka nyeusi, slabu yako inatoa maji na haijawa tayari. Simenti mpya huhitaji takriban mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene ili ikauke, na katika hewa yetu ongeza muda. Slabu ya inchi nne iliyomwagwa Februari usiifunike kwa mbao mwezi wa Aprili, hata fundi akikwambia juu ni kavu. Juu hukauka kwanza. Maji yako tumboni.

Kama nyumba ni ya zamani na chini haikutandikwa nailoni ya kuzuia unyevu kabla ya slabu, maji yatapanda kutoka ardhini miaka yote. Hapo itabidi sakafu ipakwe dawa ya kuzuia unyevu kwanza, au uweke mbao ghorofani na chini ubaki na vigae. Kuna nyumba nimewaambia wenyewe waweke vigae, na najua niliwatendea wema.

Kagua pia mchwa. Tembea nje ya kuta zote na utazame vijia vya udongo vinavyopanda ukutani, vyembamba kama penseli. Ukivikuta, dawa itangulie sakafu.

Wenye nyumba za Mji wa Kale wana habari yao. Sakafu za ghorofa kule zimebebwa na boriti za mikoko, juu yake mawe ya matumbawe na chokaa. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa vyumba, ndiyo maana vyumba vingi vya kale ni virefu na vyembamba, kama mita mbili na nusu au tatu upande mfupi. Chokaa hupumua. Ukiifunika kwa simenti mpya au nailoni ili upate pa kugandisha mbao, unyevu unafungiwa ndani na boriti zinaoza polepole bila mtu kuona. Huko mbao zikae juu ya vipande vya mbao vya kuzibebea, hewa ipite chini, na mtu anayeyajua majengo hayo akague boriti kabla ya uzito wowote mpya kuongezwa.

Hatua ya 3: Chagua mti

Mvule ndio mbao inayofahamika zaidi na mafundi wetu. Ni mgumu wa kutosha kwa sakafu, hautanuki sana, na moyo wake, yaani sehemu ya ndani ya shina, mchwa hawaupendi. Mwingi unaouzwa sasa hutoka Kongo. Ukiupasua huwa wa manjano, kisha mwanga unaugeuza kahawia ya dhahabu, kwa hiyo usikatae ubao kwa rangi ya siku ya kwanza. Ndani yake mara nyingine kuna vijiwe vyeupe vya chokaa ambavyo mti wenyewe uliviweka; msumeno ukikutana navyo meno yanakwisha. Vumbi lake huwasha pua na ngozi, basi fundi avae barakoa, na watoto wasiwepo siku ya msasa.

Msaji, ambao wengi huuita mtiki, hautanuki sana na una mafuta ya asili. Ndio mti niupendao kwa nyumba za karibu na maji. Jirani zetu Tanzania wanaupanda katika mashamba makubwa, kama Longuza kule Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro. Jambo la kuangalia ni umri. Mti uliokatwa mapema una sehemu kubwa nyeupe ya pembeni, na sehemu hiyo haina mafuta wala kinga. Bungua, wale wadudu wa mbao, wataitoboa na kukuachia unga mwembamba sakafuni. Kataa kila ubao wenye mstari mweupe mpana. Na kwa sababu ya mafuta yake, fundi aufute kwa tina, ile ya kuyeyushia rangi, kabla ya gundi au vanishi, la sivyo havitashika.

Mninga hutanuka kidogo kuliko karibu miti yote unayoweza kuipata hapa, na rangi zake, kutoka kahawia hadi wekundu wa damu, hupendeza bila kupakwa chochote cha kuzibadilisha. Mbambakofi ni mgumu na mzito zaidi. Ndio mti uliochongewa milango mingi ya Waswahili, na mlango uliosimama miaka mia mbele ya upepo wa bahari ni ushahidi unaotosha. Mkangazi ni mzuri kwa kabati na vitanda, lakini kwa sakafu ya sebule yenye watoto ni laini kidogo, mguu wa kiti utaacha alama.

Miti hii mitatu, mninga, mbambakofi na mkangazi, iliingizwa mwaka 2022 katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, katika mkutano uliofanyika Panama. Maana yake ni kwamba mbao zake zikivuka mpaka ziwe na kibali. Mwombe muuzaji karatasi, na kwa mbao za ndani omba kibali cha usafirishaji cha shirika la huduma za misitu, KFS. Muuzaji halali hatakasirika. Msitu ukikatwa kwa wizi hasara ni yetu sote tunaoishi kwa mvua zake, na mimi sitaki kupiga randa ubao wa namna hiyo.

Muhugu nauweka peke yake. Ni mti wa pwani yetu hii na wa bara pia, mzito, unanukia vizuri ukipasuliwa, na ndio uliotumika kwa parketi za nyumba nyingi za zamani za Kenya, vile vipande vifupi vilivyopangwa kama ukili. Umekatwa mno, kwa sakafu na kwa vinyago, hata wachongaji wakahimizwa wahamie kwenye mwarobaini na mwembe. Sikushauri ununue muhugu mpya. Lakini nyumba ya zamani ikibomolewa na parketi yake ikauzwa, kimbia ukainunue. Mbao zile zimekauka miaka hamsini, zimekwisha kutulia, na bei mara nyingi ni ya kuni. Kazi yake ni kukwangua lami mgongoni mwa kila kipande, kwani za zamani ziligandishwa kwa lami. Ni kazi ya wiki nzima kwa chumba kimoja, na nimeifanya kwa furaha kila mara.

Mnazi watu huusahau. Minazi iliyozeeka na kuacha kuzaa ipo tele Kilifi na Kwale, na sehemu ya nje ya shina lake ni ngumu kabisa, yenye madoa meusi mazuri. Sehemu ya ndani ni kama sponji. Ukiutaka, sisitiza upewe mbao za nje peke yake, zilizotiwa dawa na kukaushwa, na mtafute fundi mwenye msumeno wa meno magumu.

Mwembe usiweke sakafuni, bungua huufuata. Mkaratusi mchanga hujikunja na kupasuka. Oki ya nje si mbaya, lakini hutanuka karibu mara mbili ya msaji: ubao wake wa milimita 150 ukitoka unyevu wa asilimia 8 kufika 13 unaweza kuongezeka milimita 2 na nusu. Zidisha kwa mbao ishirini na sita za chumba cha mita 4, uone zile sentimita sita zitakwenda wapi. Kama moyo wako uko kwenye oki, inunue ya matabaka.

Hatua ya 4: Tazama kichwa cha ubao

Hili halikugharimu kitu na wanunuzi wengi hawalifanyi. Inama utazame mwisho wa ubao, pale ulipokatwa kwa msumeno. Utaona mistari ya umri wa mti. Mistari ikiwa imesimama wima kutoka juu hadi chini, ubao huo utatanuka kwa upana karibu nusu tu ya ule ambao mistari yake imelala au imepinda kama upinde. Uliolala pia hujikunja kama kigae cha paa. Huwezi kupata mzigo mzima wa mistari wima, lakini ukichagua kwa mkono yadini, ubao kwa ubao, unaweza kupata nusu yake, nazo ziende mahali jua linapoingia dirishani na karibu na mlango wa baraza.

Chagua mbao nyembamba, inchi tatu au nne. Mbao za inchi nane ni nzuri pichani, lakini kila ubao mpana unakusanya kutanuka na kusinyaa kwake kote katika ufa mmoja.

Hatua ya 5: Pima unyevu wa mbao, usikubali maneno

Kila muuzaji atakwambia mbao zake ni kavu. Katika nyumba ya Mombasa yenye madirisha wazi, ubao hutulia kwenye unyevu wa karibu asilimia 13 hadi 15. Chumba chenye AC muda mwingi, karibu 10 hadi 12. Unataka mbao zilizo karibu na hapo zitakapoishi. Za asilimia 25 zitasinyaa na kukuachia nyufa za kuingia sarafu. Za asilimia 8 zitafura kama zile za Tudor.

Fundi mwenye kipimo cha unyevu atakupa jibu papo hapo. Kama hana, fanya jikoni. Kata kipande katikati ya ubao, si mwishoni kwa sababu mwisho hukauka mapema. Kipime kwa mizani ya jikoni. Tuseme gramu 500. Kitie ndani ya oveni kwa moto wa digrii 103 hivi, ukitoe na kukipima kila baada ya saa kadhaa mpaka uzito usishuke tena. Kikiishia gramu 440, kimepoteza maji ya gramu 60. Gawanya 60 kwa 440: ni asilimia 13.6, mzigo huo ni wako. Kikiishia gramu 400, yaani asilimia 25, mwambie muuzaji utarudi baada ya miezi kadhaa.

Mbao zikifika nyumbani usizipige msumari wiki hiyo. Zipange ndani ya chumba chenyewe, vipande vidogo vya mbao katikati ya kila safu ili hewa ipite, AC iwashwe au madirisha yafunguliwe kama mtakavyoishi. Ziache wiki mbili.

Hatua ya 6: Hesabu vizuri

Chumba cha mita 4 kwa 3.5 ni mita mraba 14. Mbao zinauzwa kwa futi za urefu, na ubao wa “inchi nne” ukishapigwa randa na kuchongwa ulimi na mtaro vya kuunganishia hufunika milimita 85 hivi. Ukihesabu kwa inchi nne kamili utapata futi 452 hivi. Ukihesabu kwa milimita 85, na ukiongeza sehemu ya kumi kwa vipande vitakavyotupwa, utafika karibu futi 595. Tofauti hii ndiyo inayowafanya watu warudi yadini katikati ya kazi na kukuta mzigo mwingine, wa mti mwingine na unyevu mwingine.

Hatua ya 7: Mambo ya kumsimamia fundi

Nafasi ya milimita 12 hadi 15 ibaki kando ya kuta zote na kuzunguka nguzo; skatingi itaificha. Skatingi ipigiliwe ukutani, isipigiliwe kwenye sakafu. Karibu na bahari tumia skrubu za shaba au chuma cha pua, maana msumari wa kawaida hupata kutu na kuacha doa jeusi. Epuka kuweka Aprili na Mei, kwa sababu lori, slabu na hewa vyote vimelowa.

Juu yake kuna njia mbili. Vanishi ya poliyurethani ni ngumu na inang'aa, lakini ikichubuka itabidi upige msasa chumba kizima. Mafuta yanataka kupakwa tena kila baada ya muda, lakini doa moja unalitengeneza mahali pake kwa kitambaa. Kwa familia yenye watoto mimi nachagua mafuta.

Hatua ya 8: Angalia mnavyoishi

Hii iwe kabla ya kulipa. Je, mwenye kufanya kazi za nyumba anapiga deki kwa ndoo na maji ya kumwaga? Sakafu ya mbao haitaki hivyo. Ni kufagia, kisha kitambaa kilichokamuliwa sana. Mkitoka kutawadha, miguu inapita wapi? Weka busati nene mlangoni pa bafu na lingine kabla ya mahali pa kuswalia. Chetezo cha udi kikae juu ya sinia ya shaba, kwa kuwa kaa moja likianguka linachoma shimo jeusi kwa muda wa kuitikia salamu. Desturi yetu ya kuvua viatu mlangoni inasaidia kuliko vanishi yoyote, maana mchanga wa pwani ni msasa.

Mbao tano au sita zitakazobaki usiwape majirani. Zihifadhi ndani ya nyumba, na kama ni mvule zisimamishe mahali penye mwanga, zisifichwe chini ya kitanda. Siku utakapohitaji kubadilisha ubao mmoja, uliokuwa gizani utakuwa bado wa manjano katikati ya sakafu iliyokwisha kuwa kahawia.